Nihame au Nibaki? Kazi, Mji na Mapenzi ya Mungu

(Ujumbe uliotolewa na mmoja wa wazee wa ushirika kwa vijana na wanandoa, Mitundu, Lilongwe. Umechapwa kama ulivyosemwa, ila umefupishwa kidogo.)

 

Nawasalimu wenyeji wetu wa Mitundu. Nawasalimu ndugu waliotoka Dzaleka alfajiri, wakapita Lilongwe mjini, wakabadilisha minibasi na kuja kutuona huku kusini. Nimeambiwa ujumbe huu utawekwa katika gazeti letu la maadhimisho, kwa hiyo nawasalimu pia mtakaousoma mkiwa Uvira, Bujumbura, Kigoma, Kampala, Nairobi na kwingineko. Sisi ni familia moja.

Somo nililopewa ni swali ambalo wachungaji wetu wanaulizwa kila mara: "Mzee, nimepata kazi mjini. Nihame au nibaki?" Wengine wanauliza wakati mizigo imeshafungwa! Hao hawaombi ushauri, wanaomba baraka tu. Leo nasema na wale ambao bado hawajafunga mizigo.

Tufungue Matendo ya Mitume 18, mistari mitatu ya mwanzo. Tunakutana na Akila na mke wake Priskila. Walikuwa wakikaa Rumi, lakini Kaisari Klaudio akatoa amri Wayahudi wote waondoke. Basi wakajikuta Korintho. Hawakuhama kwa sababu ya mshahara mzuri, waliondolewa kwa amri ya serikali. Jamani, wangapi hapa wanaijua habari hiyo bila kusimuliwa na Biblia? Naona mikono. Mkononi mwao walikuwa na kazi ya kushona mahema. Paulo alipofika aliwakuta kazini, akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja.

Nitasema mambo manne, kisha tuombe.

1. Swali ni moja, gharama si moja

Tazameni benchi moja hapa. Tuseme ameketi kijana wa Mitundu, Mmalawi, ambaye baba yake analima mahindi na tumbaku. Pembeni yake yuko kijana wa Dzaleka, ambaye wazazi wake walitoka Kivu. Wote wawili wameahidiwa kazi ileile Lilongwe, kuuza katika duka la vifaa vya ujenzi, kwa mshahara uleule. Je, wana uamuzi mmoja? Hapana.

Yule wa kwanza kazi ikimshinda, anapanda minibasi na kurudi kwenye shamba la baba yake. Atachekwa wiki mbili, basi. Yule wa pili ana jambo lingine la kupima. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka masharti yake, na kati ya hayo yamo ya kufanya kazi ya mshahara na ya kutembea na kukaa popote. Ndiyo maana Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikapangwa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000, leo ina zaidi ya 50,000, na bado sheria inasema mkimbizi akae huko.

Mwaka 2021 serikali ilitoa amri wakimbizi walioko nje warudi kambini. Mahakama ikaisimamisha, na wengi wakasema yamekwisha. Mwezi wa tatu 2023 amri ikaja tena: mwisho 15 Aprili. Tarehe 17 Mei ikawa vitendo. Watu walikusanywa Lilongwe, wengine wakapitishwa gereza la Maula, watoto wakiwemo, ndipo wakapelekwa Dzaleka. Kuna walioacha duka lenye bidhaa za miaka kumi wakaingia kambini na nguo walizovaa.

Sisemi haya kumtisha mtu wala kuilaumu serikali. Nasema ili usichukue uamuzi wa mwenzako ukaufanya wako. Fulani alihama akafanikiwa, sawa, lakini fulani ana karatasi gani? Na ninyi wa Uganda mnaosoma, huko sheria ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, lakini anayetoka Nakivale kwenda Kampala anajua kwamba msaada na kiwanja vinabaki Nakivale. Kila nchi ina bei yake. Iulize kabla hujalipa.

2. Sauti ya Mungu haikatazi hesabu

Bwana mwenyewe katika Luka 14 alisema habari za mtu anayejenga mnara: anakaa kwanza chini, anapiga hesabu. Basi chukua daftari, chora mstari katikati. Upande mmoja andika mshahara. Upande wa pili andika kodi ya nyumba, na mwenye nyumba atataka ya miezi kadhaa mbele. Andika nauli ya kila siku, maji, mkaa, karo ya watoto. Halafu andika kile ambacho hukilipi sasa hivi: nyumba uliyoijenga mwenyewe kambini, chakula cha msaada hata kama ni kidogo, jirani anayekulea mtoto ukienda ganyu. Vitu hivyo havina risiti, ndiyo maana tunavisahau.

Na usihesabu kwa kwacha peke yake. Mwezi wa kumi na moja 2023 kwacha ilishushwa kutoka kama 1,180 kwa dola hadi 1,700. Mtu wa mshahara wa kwacha 100,000 alilala na dola 85, akaamka na 59, na bosi hakumpunguzia hata tambala! Mwaka uliofuata ukame ukaja, na hali ya maafa ikatangazwa katika wilaya 23. Kwa hiyo jiulize hivi: mshahara huu, baada ya kodi na nauli, unanunua ndoo ngapi za mahindi? Leo ndoo ngapi unapata ukiwa hapo ulipo? Kama jibu ni ndoo zilezile, basi unahamia jina la mji tu.

3. Maono ya mmoja, uamuzi wa nyumba yote

Hapa nitasema taratibu kwa sababu panauma. Wako watu wanaozunguka na neno moja: "Bwana ameniambia uende mjini." Na baada ya neno, wanaomba sadaka ya safari. Wapendwa, tunaamini unabii. Sisi ni Wapentekoste, hatuoni haya kwa hilo. Lakini someni Matendo 16. Paulo alitaka kwenda Asia, Roho akamzuia. Akajaribu Bithinia, mlango ukafungwa. Ndipo usiku akamwona mtu wa Makedonia. Aliyeona ni Paulo peke yake. Lakini tazama Luka anavyoandika baada ya hapo: anaanza kusema "sisi". Waliyapima wote pamoja, wakaelewa pamoja kwamba Mungu anawaita, ndipo wakaondoka. Mtume mkubwa kama Paulo hakuwaburuta wenzake kwa maono yake.

Sasa wewe baba unayekuja nyumbani na kusema "Kesho naenda Lilongwe, Mungu amesema", mkeo umemwuliza? Yeye ndiye anayejua unga umebaki kiasi gani na mtoto yupi anakohoa usiku. Katika Maandiko Priskila mara kadhaa anatajwa kabla ya mumewe, na popote walipohama walihama wote wawili. Mwambie jirani yako: "Ulizana nyumbani kwanza!"

Na kama ni lazima mmoja atangulie, basi kwenda kusiwe kuhama. Omba ruhusa ya kutoka kambini kwa njia halali. Nenda miezi mitatu. Usiuze nyumba wala cherehani. Kubalianeni siku ya kukaa tena na lile daftari. Usinunue kitambulisho cha uongo, maana kazi inayoanza kwa uongo itakudai uongo kila asubuhi. Na wewe mkimbizi mwenye geni, usitie mtaji wako wote katika rafu za duka moja. Ile siku ya Mei 2023 iwe imetufundisha kitu.

Tukumbuke pia kwamba kazi nyingine inaweza kufika mjini bila mwili wako kwenda. Pale Dzaleka, tangu 2010, Wajesuti wameleta masomo ya chuo kikuu kwa intaneti, na wako vijana wetu waliojifunza kompyuta wakiwa palepale. Akila alibeba ufundi wake kutoka Rumi hadi Korintho hadi Efeso. Kaisari aliweza kumtoa mjini, hakuweza kuutoa ufundi mikononi mwake. Kama huna uhakika wa kuhama mwaka huu, una uhakika wa kujifunza mwaka huu.

4. Ushirika nao una deni

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunampa mgeni mapambio siku mbili, ya tatu hatujui analala wapi. Akila na Priskila walimpa Paulo mahali pa kulala na mahali pa kazi. Baadaye Paulo anaandika kwamba kanisa linakutana nyumbani kwao.

Kwa hiyo nasema na wenyeji, ndugu zangu Wamalawi. Mnajua kwamba mara nyingine ndugu mkimbizi anaandikisha biashara kwa jina lako kwa sababu lake halikubaliki. Jina ni lako, mtaji ni wake. Siku ya shida ikifika, usifunge mlango ukasema duka ni langu. Mungu anajua ni la nani. Afadhali mkatae tangu mwanzo kuliko kukubali na kumeza.

Na tawi la Lilongwe, likisikia mpendwa anakuja, limwambie ukweli wa mji kabla hajapanda gari: kodi ni kiasi gani, kazi gani zipo, polisi wanakagua wapi. Ukweli huo ni huduma kama maombi yalivyo huduma.

Wapendwa, atakayehama tutamwombea, na atakayebaki tutamwombea. Kubaki si kukosa imani, kama vile kuhama si tamaa. Tunachokataa ni kuhama gizani.

Sasa wale walio na uamuzi mezani wiki hii, njooni mbele. Njooni na wake zenu, na waume zenu. Asiye na mwenzi aje na rafiki mmoja wa kweli. Hatutamtabiria mtu mji. Tutamwomba Bwana awape macho ya kusoma daftari lenu bila kujidanganya, na moyo wa kutii kile mtakachokiona.

Tusimame, tuombe. Mungu awabariki.