Kushuka Luano: mambo ya kujua mbele ya kusafiri na mbele ya kupokea wetu

(Maneno yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanamemba. Tumeyaandika karibu vile yalisemwa.)



Prezida aliniomba niseme juu ya kiwanja cha ndege cha Luano. Nimesikia wamoja wanacheka: "Kiwanja gani? Siye tulirudi na lori, tukashukia Pweto!" Ni kweli, wengi wenu mulirudi kwa barabara. Lakini siku hizi kuna wetu wanaorudi kwa ndege, kutoka Afrika ya Kusini, kutoka Ulaya, wakipitia Johannesburg, Nairobi ao Addis-Abeba. Tiketi inalipwa, barua zinaandikwa, kila mtu anafurahi. Halafu ndege inatua, na tunazania kazi imeisha. Miye ninasema: kazi inabakia, na ni ile ya kutoka kwa ngazi ya ndege mpaka kwa geti.

Nitawapa mufano. Kuna mama mumoja, jina lake ninaliacha. Alirudi na watoto watatu. Tiketi iliandika kufika 13h00. Ndugu yake wa Kinshasa, ambaye alinunua tiketi, alijua kama Lubumbashi inatangulia Kinshasa kwa saa moja. Basi akaongeza saa moja, akatuambia: "Kwenu kule itakuwa saa nane." Lakini saa yenye kuandikwa kwa tiketi ni saa ya pale ndege inafika, hauongeze, haupunguze. Tulifika saa nane kamili, tumevaa vizuri, na maua mukononi. Mama alikuwa amekaa inje juu ya valizi, analia.

Nini ilipita? Wakati alikuwa anangojea bagaji, kijana mumoja mwenye kuvaa safi, bila beji, alimukaribia: "Mama, uko na watoto, utachoka bure. Leta makaratasi, miye nitakupitisha mbio." Mama hakukuwa na mtu wa kuuliza. Akamupa bahasha na dola 60. Kijana akaingia katikati ya watu, na mpaka leo. Paspoti ilibakia kwa mukoba wa mama, Mungu asifiwe. Lakini ndani ya bahasha mulikuwa vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Dola 60 tumesahau. Vyeti tulivifuata miezi na miezi, na mtoto mukubwa alikosa muhula mzima wa masomo. Sitaki kulaumu biro yoyote. Kosa lilikuwa letu: hatukumufundisha mbele, na hatukukuwa pale.

Basi tusikilizane vizuri. Luano ni kiwanja cha kimataifa, lakini ni kidogo. Kiko karibu kilometa 11 kutoka katikati ya muji. Hauwezi kupotea ndani yake kama Addis-Abeba. Udogo wake ni musaada, juu kila kitu kiko karibu na mtu anaonekana. Lakini pia ni shida: mistari ni michache, na ndege mbili zikifika pamoja, watu wanasukumana. Ni mule kwa kusukumana watu wanapoteza akili na vitu vyao.

Mambo yanafuatana hivi. Unashuka kwa ngazi, unakanyaga sima. Kama ni masika, mvua inaweza kukupiga. Kama ni mwezi wa sita ao wa saba, asubuhi kuko baridi kweli, wenye kutoka pahali pa joto wavalishe watoto. Usitoe telefone kupiga picha. Ninajua furaha ya kuona udongo wa nyumbani, lakini kwa kiwanja cha ndege picha inakatazwa, na furaha itageuka maulizo.

Kwanza ni watu wa afya. Wanaomba karte ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Inchi yetu inaiomba kwa kila musafiri mwenye miezi 9 na kupita. Chanjo inaanza kuhesabika kisha siku 10, kwa hiyo usichomwe sindano usiku wa safari. Na tangu mwaka 2016, karte ile ni ya maisha yote. Kama mtu anakuambia yako imezeeka juu imepita miaka 10, mujibu kwa heshima kama sheria ilibadilika.

Kisha ni DGM, watu wa uhamiaji. Pale unatoa paspoti, ao lesepase ya ambasade, ao karatasi za HCR kama ulirudishwa kama mukimbizi. Unajibu mafupi: unatoka wapi, unaenda kwa nani, avenue gani. Hapa wetu wengi wanakwama, juu hawajui adresi. "Ninaenda kwa mama" hiyo haiko adresi! Uandike kwa karatasi jina la mwenye kukupokea, komine, avenue, nimero ya nyumba na telefone. Kabla ya kuondoka kwa dirisha, uangalie kama kashe imegongwa na tarehe inasomeka.

Jambo moja zito juu ya watoto. Sheria yetu inasema uraia wa Kongo ni mumoja, hauchanganyike na mwingine. Mtoto mwenye kuzaliwa inje na kubeba paspoti ya inchi ingine anahesabiwa mugeni pale kwa dirisha, hata kama anaongea Kiswahili kukupita weye. Anahitaji viza, na viza inatafutwa kwa ambasade mbele ya kununua tiketi. Usiseme "tutapanga kule kule".

Tatu ni bagaji. Kale kakaratasi kenye nimero wanakobandika kwa tiketi usikatupe, juu kwa mulango wanaweza kukaomba ili kuona kama valizi ni yako. Kama valizi haikufika, usitoke kwanza. Tafuta mutu wa kampuni ya ndege, ajaze karatasi ya kupotea, akupe kopi. Kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, kitu chenye kuharibika unakilalamikia kwa maandishi ndani ya siku 7, na chenye kukawia ndani ya siku 21. Ukirudi nyumbani bila karatasi, hauna neno.

Nne ni duane. Nguo zako, sahani zako, masini ya kushona moja, unaeleza bila kuogopa kama ni vitu vya nyumba. Vipya vitano vyenye kufungwa kwa karto, wataviona kama biashara. Hapa njo nasema neno la kushika: pesa yenye sheria inaomba inakuja na resu. Kama mtu anakuomba "ya sukre", hauna deni. Jibu na upole: "Shefu, kama kuko kitu cha kulipa, nitalipa kwa biro na munipe resu." Usipaze sauti, usitukane, usikimbie. Mara mingi neno "resu" linamaliza mazungumuzo.

Tena juu ya pesa: usitegemee kutafuta pesa pale kiwanjani. Beba dola za karatasi nzuri. Dola yenye kupasuka hata kidogo kwa pembeni wanaikatala hapa kwetu, na ya moja moja hakuna mwenye kuipokea. Kwa taksi, mupatane bei mbele ya kuweka valizi ndani, hapana kisha.

Kwa wenye kuondoka, ni mafupi. Fika masaa matatu mbele. Kwa kiwanja kidogo ndege si za kila saa: ukiikosa, unaweza kulala siku mbili ukingojea ingine. Kuko Go-Pass, ile pesa ya maendeleo ya viwanja yenye kuanza mwaka 2009, na wakati ule ilikuwa dola 50 kwa kwenda inje. Uliza ajansi mbele kama imeingia ndani ya tiketi ao hapana, ili usifike pale mukono mutupu. Na valizi inaweza kufunguliwa kwa mukono, kwa hiyo usifunge sombe na samaki kwa kamba ishirini.

Sasa kwenu wanamemba. Ninaomba tupange zamu ya mapokezi. Kila ndege yenye mtu wetu, wawili wetu wawe kwa geti saa moja mbele, na jina lake limeandikwa kwa karto. Mbele ya safari, mumoja amupigie simu amusomee mambo haya moja moja, zaidi sana hili: bahasha ya makaratasi haitoke kwa mukono wako, hata kama mwenye kuomba anaitika Amen kukupita pasta. Na kopi za vyeti zitumwe kwetu mbele, tuziweke kwa kabati ya chama. Kama tungekuwa na kopi, yule mtoto angekuwa darasani.

Kwenu wafadhili, tunasema aksanti kwa tiketi mulizolipa. Lakini tiketi inaishia kwa sima ya Luano. Taksi ya kilometa 11, kadi ya telefone, chakula cha usiku wa kwanza, hivi havina mustari kwa bajeti yoyote. Hatuombi muongeze sana. Tunaomba muturuhusu kutoa kidogo kwa kile mulichotoa, tukiandike na resu zake, ili kazi ya kurudisha mtu isianguke kwa mita za mwisho.

Yule mama yuko kati yetu leo. Aliniambia jana: "Sema yote, lakini uwaambie kama mara ingine miye njo nitaenda kupokea." Basi zamu ya kwanza imekwisha kupata mtu. Nani wa pili?