Msomi Anapogeuka Mshauri wa Wahamiaji

Miongoni mwa wahamiaji wa Uingereza wamo wasomi waliofika kufundisha katika vyuo vikuu, kisha wakawa washauri wa masuala ya uhamiaji. Aghalabu safari hiyo huanzia nyumbani kwa msomi: kwa kuwa amezoea nyaraka, jamaa na majirani humletea barua za serikali awasomee.

Hata hivyo, elimu pekee haimpi ruhusa ya kuifanya kazi hiyo. Kwa sheria ya mwaka 1999, anayeendesha shughuli ya ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa wala kuwa mwanasheria aliyeidhinishwa hutenda kosa la jinai, hata asipotoza malipo, na huweza kufungwa hadi miaka 2. Basi aliyekuwa akitunga mitihani hulazimika kuketi mwenyewe mtihanini. Usajili una ngazi 3. Aliye katika ngazi ya juu ndiye anayeweza kumtetea mteja mbele ya baraza la rufaa.

Mshauri huyo akiwa pia mkimbiaji wa masafa marefu, huijua vyema thamani ya muda. Katika mbio za Comrades za Afrika Kusini, zilizoanza mwaka 1921 baina ya Durban na Pietermaritzburg, wakimbiaji hukata takriban kilomita 88. Zitimiapo saa 12 tangu kuanza, afisa huwapa kisogo wakimbiaji, akafyatua bastola, na mstari ukafungwa. Anayechelewa kwa sekunde moja hapati medali, ijapokuwa amevuka vilima vile vile.

Mhamiaji aliyeko Uingereza, akikataliwa ombi lake naye ana haki ya rufaa, kwa kawaida hupewa siku 14. Baraza laweza kumwongezea muda kwa sababu nzito, lakini si jambo la kutegemea. Wengi huumia hapo: barua hulala kabatini, au hupelekwa kwa mjuaji asiye na kibali, anayepokea fedha na kuahidi miujiza. Inapomfikia mshauri halali, siku zimekwisha.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Subira ya mkimbiaji ni kuendelea kwenda, si kuketi. Basi apataye barua aipeleke siku hiyo hiyo, na kabla ya kutoa hata senti, alitafute jina la mshauri katika daftari la mamlaka ya ushauri wa uhamiaji.