DAWA YA GARI LINALOKUNYWA PETROLI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Malaba)



Leo hatukusimama kusema habari za mishahara. Twasema habari za gari letu kuukuu, tulilolinunua kwa michango yetu lichukue wagonjwa na maiti za wenzetu.

Mwakumbuka maji yalichemka tukienda Busia. Fundi mmoja akatoa thamostati, akasema, "Hiki ni kifaa cha nchi za baridi." Kweli, safari ile tulifika. Lakini tangu hapo gari likawa mlevi. Mwezi wa Julai tulipopeleka maiti ya mwenzetu kupitia Eldoret na Timboroa, petroli ikatuishia njiani, ikabidi kukopa kwa wafiwa. Aibu iliyoje! Ndipo halmashauri ikataka kuongeza mchango.

Ndugu, sisi ni watu wa reli. Wazee wetu wa injini za mvuke walijua kuwa maji baridi hayavuti behewa. Injini ya petroli nayo yataka joto lake. Thamostati ni mlango: ndani yake mna nta, maji yakifika kiasi cha digrii 82 au 88, nta huyeyuka, hutanuka, na kuufungua mlango ili maji yaende kwenye rejeta. Bila mlango huo, maji hupoa daima. Petroli haigeuki mvuke vizuri, nyingine huosha oili katika silinda, na injini huisha upesi. Timboroa, penye urefu wa zaidi ya mita 2,700, hasara huzidi.

Basi tulifanya hivi. Kwanza tuliosha rejeta na kukaza mkanda wa feni, maana huko ndiko ugonjwa wa kuchemka ulikokuwa. Pili, tulinunua thamostati, tukaijaribu katika sufuria ya maji motoni: ikafunguka kabla maji hayajachemka. Tatu, tukipanda nyanda za baridi, twaziba theluthi moja ya rejeta kwa kadibodi, macho yakiwa kwenye geji ya joto. Tukiteremka kuja Malaba twaiondoa. Na kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kingali moto!

Sasa gari limeacha ulevi, na mchango haukuongezwa.

Ndugu, kifaa usichokijua kazi yake usikitupe. Kwanza uliza.