Tuokoe Mafaili Kwanza, Diski Baadaye



Mama mmoja alifika ofisini kwetu akiwa na diski ya nje, ile ambayo wengi wetu huiita eksteno. Ndani yake alikuwa amehifadhi picha za familia za miaka 12, pamoja na video za marehemu mumewe. Diski ilipoanza kusumbua, aliipeleka kwa fundi akamwambia, “Naomba unitengenezee hii.” Siku mbili baadaye alirudishiwa diski inayofanya kazi vizuri kabisa, tena tupu. Fundi alikuwa ameifomati mwanzo hadi mwisho. Mama alipolalamika, alijibiwa kwamba aliomba diski itengenezwe, nayo imetengenezwa.

Hatukuwa na uwezo wa kumrudishia picha zile. Lakini shauri lake lilitufundisha jambo ambalo tungependa kila mtumiaji alifahamu kabla hajafikwa na mkasa kama huo: kutengeneza diski na kuokoa mafaili ni kazi mbili tofauti, na mara nyingi ya kwanza huiua ya pili. Diski hununuliwa dukani siku yoyote. Kilichomo ndani yake hakiuzwi popote.

Tuanze na namna diski inavyougua. Ndani ya diski ya kawaida ya nje mna sahani moja au zaidi zilizopakwa tabaka jembamba la sumaku. Sahani hizo huzunguka kwa kasi, aghalabu mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake bila kuzigusa, kwa mwanya mdogo kuliko hata chembe ya vumbi. Diski ikianguka au ikichakaa, kichwa hicho huweza kuharibika au kuigusa sahani, na pale kinapokwangua, kilichoandikwa hutoweka. Ndiyo maana diski mgonjwa haifai kuwashwa mara kwa mara “kujaribu tu”. Kila jaribio lina gharama yake, na huenda likawa la mwisho.

Dalili zake zinajulikana. Folda huchukua muda mrefu kufunguka. Unakili hukwama njiani. Diski hujikata na kujiunganisha yenyewe. Majina ya mafaili hugeuka alama zisizosomeka. Au kompyuta huuliza kama ungependa kuifomati diski. Swali hilo la mwisho lina jibu moja tu: hapana. Dalili mbaya kuliko zote ni mlio wa kugonga au kukwaruza. Ukiusikia, au ikiwa diski imetoka kuanguka, izime, ichomoe, na usiiwashe tena hadi imfikie fundi anayeijua kazi ya kuokoa mafaili.

Ikiwa hakuna mlio wa ajabu, kagua kwanza kilicho rahisi. Diski ndogo hupata umeme wake kupitia waya wa USB, na waya uliochoka au tundu dhaifu la kompyuta huweza kuleta dalili zilezile. Badilisha waya, kisha iunganishe moja kwa moja kwenye tundu jingine la kompyuta. Diski kubwa zenye adapta yake ya umeme, adapta nayo ikaguliwe.

Diski ikisomeka, usipoteze muda kuvinjari. Nakili mara moja, tena kwa mpangilio. Tangulia na vile ambavyo havipo mahali pengine popote: picha, nyaraka za kazi, hesabu za kikundi, tasnifu ya mwanafunzi. Filamu na nyimbo zinazoweza kupatikana tena zisubiri. Nakili kwa mafungu madogo; faili likikwama, liruke, ulirudie mwishoni. Pokea nakala hizo kwenye kifaa kingine kizima. Usiandike chochote kwenye diski inayougua, wala usisakinishe humo programu ya kurejeshea mafaili, kwani kinachoandikwa upya huweza kufunika kile unachokitafuta.

Yapo mambo ya kuepuka kabisa. Programu za kukagua na kurekebisha diski, kama chkdsk ya Windows, zimekusudiwa kuweka sawa mpangilio wa mafaili kwenye diski nzima. Kwenye diski inayokufa huichosha zaidi na huweza kuvuruga kilichosalia. Kuiweka diski kwenye friza, jambo ambalo watu hushauriana, huleta unyevu ndani yake. Na kuufungua mfuniko wa sahani mezani nyumbani ni kuzikaribisha vumbi. Kazi hiyo hufanyika katika vyumba maalumu vilivyochujwa hewa.

Sasa tuzungumzie fundi. Mafundi waaminifu na wenye ujuzi wapo. Namna moja ya kumtambua ni kumuuliza swali hili: “Utafanya kazi juu ya diski yangu, au juu ya nakala yake?” Fundi anayejua, diski ikiwa bado inasomeka, huanza kwa kuinakili yote, sehemu kwa sehemu, kwenye diski nyingine nzima. Iko programu ya bure iitwayo GNU ddrescue ambayo husoma kwanza sehemu zilizo salama, kisha ndipo hurudia zile zenye kasoro. Utafutaji wa mafaili hufanyika baadaye kwenye nakala, ili diski mgonjwa ipumzike.

Kabla ya kumkabidhi diski yako, mkubaliane kwa maandishi, hata kama ni karatasi moja tu yenye saini mbili:

Kwanza, kazi iandikwe kwa jina lake: kuokoa mafaili. Diski isifomatiwe wala isiandikwe chochote bila ridhaa yako ya maandishi.

Pili, gharama ya uchunguzi itajwe, na gharama ya kazi ikifanikiwa na isipofanikiwa. Kisitozwe kiasi zaidi ya hicho kabla hujaulizwa.

Tatu, orodhesha mafaili unayoyahitaji zaidi. Kabla ya kulipa salio, fungua baadhi yake uone kwamba yanafunguka kweli. Jina la faili kuonekana kwenye skrini si ushahidi kwamba faili limeokoka.

Nne, namba ya utambulisho iliyoandikwa kwenye diski inakiliwe kwenye stakabadhi, na diski yako ya zamani irudishwe mkononi mwako.

Tano, faragha. Diski yako inaweza kuwa na vyeti, taarifa za benki na picha za watoto. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za namna hiyo. Kubalianeni kwamba nakala zote zitakazobaki kwa fundi zitafutwa baada ya wewe kupokea kazi yako na kuridhika.

Jihadhari na anayekuahidi kwamba kila kitu kitarudi ilhali hajaiona diski. Hakuna anayeweza kutoa ahadi hiyo kwa ukweli.

Kuhusu waranti, wengi hukosea. Waranti kwa kawaida hulinda kifaa, si kilichomo. Muuzaji hukupa diski mpya, na ile ya zamani huenda usiione tena. Basi soma masharti na uulize mambo mawili kabla ya kuirudisha dukani: je, diski yangu nitarudishiwa? Na je, fundi wa nje akiigusa, waranti itavunjika? Ukishajua majibu, utachagua mwenyewe kipi chenye thamani zaidi kwako, bei ya diski au mafaili.

Mwisho, ndugu wasikilizaji, tukubali kwamba diski zote hufa. Zile za kisasa zisizo na sahani hazipigi kelele, na huweza kuzima ghafla bila dalili yoyote. Watu wengi huhamishia mafaili kwenye diski ya nje, wakayafuta kwenye kompyuta, kisha wakaamini kwamba wameweka akiba. Faili lililopo mahali pamoja tu halina akiba, hata likiwa kwenye diski ya bei ghali. Kanuni inayopendekezwa ni nyepesi: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, na moja kati yake iwe mbali na nyumbani, kwa ndugu unayemwamini au kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba picha za yule mama zingeokolewa. Huenda diski ilikuwa imekwisha kuharibika sana. Lakini lau angeambiwa mapema tofauti ya maneno mawili, angemwambia fundi, “Niokolee picha zangu,” na hakuna mkono wa mtu ambao ungezifuta. Leo tunawaachia ninyi maneno hayo, na tunawaomba muwafikishie na majirani zenu.