NCHI JIRANI: Jukwaa la Kamiriithu



Askari aliyepata kukaa zamu katika kituo cho chote cha polisi anajua jinsi kijana anavyozungumza wakati anapoandikwa maelezo. Hujibu alichoulizwa, kisha hunyamaza. Jina lake, umri wake, anakoishi, alikuwa wapi saa fulani ya usiku. Maelezo hayo yana kazi yake katika sheria, wala hakuna anayeyabeza. Lakini hayaelezi kwa nini kijana wa miaka kumi na sita halali kwao. Katika nchi jirani ya Kenya iko historia ya karibu miaka hamsini ya watu wasio waigizaji kusimama jukwaani na kulisema jambo la namna hiyo wenyewe, wakianzia pale wapendapo kuanzia.

Kamiriithu ni kijiji cha Limuru, si mbali na Nairobi. Kilianzishwa katika miaka ya 1950, wakati serikali ya kikoloni ilipowakusanya watu kwa nguvu ili iwatenge na wapiganaji wa Mau Mau. Mkoloni akaondoka, kijiji kikabaki, na ndani yake wakabaki vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, na vijana wasio na ardhi wala ajira. Mwaka 1976 kituo cha utamaduni cha kijiji hicho kilianza kufufuliwa. Katika kisomo cha watu wazima, kilichosimamiwa na Ngugi wa Mirii, wanakisomo waliandika habari za maisha yao. Naye, pamoja na mwandishi Ngugi wa Thiong'o, akatunga kwa Kigikuyu mchezo uliotokana na masimulizi hayo, Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda.

Mazoezi yalifanyika hadharani, na hapo ndipo penye fundisho kubwa zaidi. Ye yote aliyepita aliweza kusimama, kusikiliza na kusahihisha. Mzee alikataa mzee mwenzake asemeshwe kama mtoto. Mfanyakazi alieleza mshahara wake ulivyo na unavyokwisha. Bunduki za kuigiza zilitengenezwa na mtu yule yule aliyewatengenezea wapiganaji wa msituni bunduki za kweli. Mtu akisimulia maisha yake mbele ya wageni aweza kutia chumvi. Mbele ya jirani zake hathubutu. Wanakijiji wenyewe walijenga ukumbi wa wazi wa kukaa watu zaidi ya elfu mbili, na mchezo ukafunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977.

Ngugi wa Thiong'o aliandika baadaye kwamba katika miezi ile ulevi na ugomvi vilipungua kijijini. Pengine itasemwa kuwa mtunzi si shahidi mwema wa kazi yake mwenyewe. Ni haki kusema hivyo. Hata hivyo jambo lenyewe si gumu kusadikika, kwa maana kijana anayengojewa na wenzake mazoezini jioni, ambaye asipofika mchezo unakwama, amepata kitu ambacho kilabu cha pombe hakimpi.

Tarehe 16 Novemba 1977 leseni ya mchezo iliondolewa. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngugi wa Thiong'o alikamatwa akawekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Kikundi kilipojaribu tena kwa mchezo mwingine mwaka 1982 kilifungiwa mlango, na mwezi Machi polisi walipelekwa Kamiriithu kuubomoa ukumbi. Askari wale walitimiza amri. Waliotoa amri waliyaogopa maneno ya mchezo, wakasahau kuuliza vijana waliokuwa wakikesha mazoezini watakesha wapi. Ngugi wa Mirii alihamia Zimbabwe, akaendelea kufundisha vikundi vya michezo ya kuigiza vya wananchi hadi alipofariki mwaka 2008.

Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kumwagwa. Mwaka 1994, mjini Nairobi, mwigizaji Anne Wanjugu alianzisha makao ya Shangilia kwa ajili ya watoto wa mitaani, wale ambao wapita njia huwaita chokoraa. Pamoja na chakula na shule, walifundishwa maigizo na sarakasi. Mtoto aliyezoea kumkimbia askari akajikuta amesimama mahali pamoja, anatazamwa, na hakuna anayemfukuza.

Kazi ya namna hii ina hatari yake. Mtoto aliyeumizwa asilazimishwe kufunua jeraha ili wageni watokwe na machozi. Ni lazima aachiwe achague la kusema na la kuficha. Na akitaka, kisa chake kiigizwe na mwingine, kwa jina lingine, naye akae pembeni atazame. Mwalimu asiyejua hivyo ni heri afundishe mpira.

Mwezi Mei 2022 mchezo ule wa Kamiriithu ulionyeshwa Nairobi, katika Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza. Wengi waliona kwamba sura ya zamani imefungwa. Kisha ikaja Aprili 2025. Wasichana wa sekondari ya Butere walikuwa wameandaa mchezo juu ya ugomvi wa vijana na watawala wao katika nchi ya kubuni. Mchezo haukutungwa na wasichana wenyewe, bali na aliyekuwa seneta, Cleophas Malala. Lakini vijana wanaozungumzwa ndani yake ni rika lao. Walipozuiwa kushiriki mashindano ya shule, Mahakama Kuu iliamuru waruhusiwe. Malala alikamatwa usiku wa kuamkia siku ya maonyesho mjini Nakuru, na asubuhi polisi walipiga mabomu ya machozi kuwatawanya watu na waandishi wa habari. Wasichana waliingia ukumbini, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kucheza.