Mtoto Aliyeonja Pombe Atamwambia Nani?

Mada kwa semina ya wauguzi na walimu wa afya wa shule za katikati ya jiji la Dar es Salaam

Kengele ya mwisho ikishalia, wanafunzi wa shule za Kariakoo na Gerezani hawaendi wote nyumbani moja kwa moja. Wapo wanaopitia kwanza kwenye meza ya mama Mtaa wa Kongo, wakakunja nguo na kurudisha chenji mpaka magharibi. Wengine husaidia kubeba mizigo, wengine huzurura kuelekea upande wa bandari, kwenye malori na makuli. Njia zote hizo zina grosari, baa na maduka ya jumla ya vinywaji, na juu yake mabango ya bia yenye sura za vijana wanaocheka. Mtoto wa miaka 12 hupishana na pombe kila siku bila kuitafuta.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na wenzao wa Columbia University ya Marekani waliifuatilia hali hii jijini. Katika kazi yao iliyochapishwa 2019, walizungumza na vijana wa miaka 15 hadi 19 na kuangalia jinsi wingi wa sehemu za kuuzia pombe na matangazo yake unavyowagusa. Hawakuwa wa kwanza kuliona tatizo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Lakini mtoto kutumwa bia bado ni jambo la kawaida mitaani: muuzaji anauliza ni ya nani, mtoto anajibu ni ya baba, chupa inafungwa kwenye mfuko.

Serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017, ilifanya jambo kubwa kwa afya ya watoto, na sifa hiyo inastahili kutolewa waziwazi. Kiroba kilikuwa pakiti ndogo ya pombe kali, rahisi kununulika, inayoingia kwenye mfuko wa sare na kutupwa chooni bila mwalimu kujua. Pakiti zilitoweka rafuni. Pombe kali ya chupa haikutoweka, na chupa ya maji yenye kitu kingine ndani haimshtui mtu.

Swali la mada hii linaanzia hapo. Mtoto ameshaonja, amebanwa na wenzake wanywe tena Ijumaa, na anaogopa. Atamwambia nani? Mwalimu ana wajibu wa nidhamu, na kanuni za elimu bado zinaruhusu viboko. Mzazi atafoka. Katika nyumba nyingi za Kariakoo pombe ni haramu, na mtoto wa nyumba hiyo hubeba hofu maradufu: ya kuadhibiwa, na ya kuonekana ameitia aibu familia nzima. Ndiyo maana kimya chake hakiwezi kuchukuliwa kama ushahidi kwamba hanywi.

Anayebaki ni muuguzi. Yeye hatoi alama za mtihani wala hashiki fimbo, na amefundishwa kutunza siri ya mgonjwa. Mtoto anaweza kumfuata kwa kisingizio cha tumbo.

Kazi hii ina historia katika jiji jingine la bandari. Mwaka 1902 New York ilimpa muuguzi Lina Rogers shule nne zilizojaa watoto wa wahamiaji maskini. Kabla yake, mtoto mwenye upele au macho mekundu alirudishwa nyumbani tu, na huko hakuna aliyemtibu. Rogers alitibu shuleni, kisha akawafuata wazazi majumbani. Septemba 1902 watoto zaidi ya 10,500 walikuwa wamezuiwa kuhudhuria masomo. Septemba iliyofuata, baada ya wauguzi kuongezwa, walikuwa takriban 1,100. Maradhi yalikuwa mengine, lakini njia ya kazi ndiyo inayohitajika hapa: mtoto asaidiwe akiwa bado shuleni.

Shule nyingi za serikali za kutwa nchini hazina muuguzi wa kudumu, na kumngojea aajiriwe ni kupoteza kizazi kizima. Mlango mwingine uko wazi tayari. Tangu Aprili 2018 wauguzi wa vituo vya afya huingia shuleni kuwachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka 2024 chanjo hiyo ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Huo ndio umri hasa unaozungumzwa. Wavulana hawamo kwenye foleni hiyo, ila wamo siku ya dawa za minyoo. Muuguzi yuleyule akirudi kila mwezi, akapewa chumba chenye mlango unaofungika, watoto watamzoea.

Ataanzaje mazungumzo? Lipo dodoso fupi la CRAFFT, lililotengenezwa Boston kwa vijana wa miaka 12 hadi 21. Swali lake mojawapo ni kama kijana amewahi kupanda gari linaloendeshwa na mtu aliyelewa, au yeye mwenyewe akiwa amelewa. Kariakoo liulizwe kwa bodaboda. Ni swali zuri kwa sababu hata asiyekunywa ana la kujibu, na jibu lake hufungua mengine. Baada ya hapo muuguzi asikilize zaidi ya kuhubiri, kisha amsaidie mtoto kupanga maneno atakayowaambia wenzake siku ya Ijumaa.

Kuna jambo la kitabibu ambalo walimu wengi hawalijui. Pombe huweza kushusha sukari ya damu, na kwa mtoto mwenye mwili mdogo, aliyekunywa chai tu tangu asubuhi, inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Mtoto wa namna hiyo hamwagiwi maji wala halazwi chali "alale pombe iishe." Alazwe kwa ubavu asipaliwe na matapishi, asiachwe peke yake, apelekwe kituoni haraka.

Sababu ya kuwahi ipo pia kwenye takwimu. Mwaka 1997 Bridget Grant na Deborah Dawson walionyesha kwamba kati ya Wamarekani walioanza kunywa kabla ya miaka 15, takriban asilimia 40 walikuja kuwa tegemezi wa pombe wakati fulani maishani. Kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi ilikuwa asilimia 10 hivi. Umri si sababu pekee, kwani malezi na umaskini vina sehemu yake. Hata hivyo kila mwaka ambao mtoto anacheleweshwa kuonja ni wa thamani.

Siri nayo ina mpaka, na mtoto aelezwe mpaka huo kabla hajafungua mdomo. Akisema anabakwa, ananyweshwa kwa nguvu au anataka kujiua, muuguzi atamhusisha afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto, na simu ya watoto namba 116 ipo. Mengine yote yabaki kwenye daftari la kituo cha afya, wala yasiingizwe kwenye faili la shule. Hilo wakuu wa shule wanapaswa kulikubali kwa maandishi kabla ya siku ya chanjo inayofuata, pamoja na ahadi kwamba mwanafunzi aliyejieleza kwa muuguzi hataadhibiwa kwa alichokisema.