NCHI JIRANI: FUNZO LA UONGOZI KUTOKA MBALE



Mji wa Mbale uko mashariki ya Uganda, chini ya Mlima Elgon, si mbali na mpaka wa Kenya. Kwa zaidi ya miaka 20 akina mama wamekuwa wakipeleka huko watoto wachanga wenye ugonjwa wa kichwa kikubwa. Wanawapeleka katika hospitali ya watoto ya shirika la hisani la CURE International, inayotoa tiba, mafunzo na utafiti wa maradhi ya ubongo na uti wa mgongo. Historia ya uongozi wa hospitali hiyo inastahili kuzingatiwa na kila aliyekabidhiwa dhamana ya kuongoza wenzake.

Ndani ya ubongo hutengenezwa maji kila siku, ambayo hupita katika njia zake na hatimaye kufyonzwa na damu. Njia hizo zikiziba, maji hujaa na ubongo husongwa. Na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, kichwa hutanuka. Asipotibiwa, mtoto huweza kupofuka, kudumaa akili au kufa.

Kwa miaka mingi tiba iliyotegemewa ilikuwa kuweka chini ya ngozi mpira mwembamba unaotoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Mpira huo umeokoa watoto wengi duniani. Lakini huweza kuziba au kuingiwa na vijidudu, na hilo likitokea mtoto huhitaji kupasuliwa upesi. Penye mabingwa wengi na barabara nzuri, dharura hiyo hukabiliwa. Kwa mtoto wa kijiji ambacho barabara yake hukatika kila masika, mpira ulioziba huweza kuwa ndio mwisho wa maisha yake.

Mwaka 2000 bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Daktari Benjamin Warf, alihamia Uganda kusaidia kuanzisha hospitali hiyo, akawa mkurugenzi wake wa kwanza wa tiba. Alitenda kama atendavyo kamanda mwangalifu katika eneo geni: aliipeleleza ardhi kwanza. Taarifa yake ya mwaka 2005 kuhusu watoto 300 ilionyesha kwamba asilimia 60 walipata ugonjwa huo baada ya kushambuliwa na vijidudu. Wengi, basi, walizaliwa wazima, wakadhurika baadaye.

Baada ya kuijua ardhi alitafuta zana inayoifaa. Kwa chombo chembamba chenye kamera alitoboa tundu ndani ya ubongo ili maji yapate njia mpya, kisha akaunguza sehemu inayoyatengeneza. Katika uchunguzi wa watoto 550 uliotangazwa mwaka 2005, kwa walio chini ya mwaka mmoja njia hizo mbili pamoja zilifaulu kwa asilimia 66, ambapo kutoboa peke yake kulifaulu kwa asilimia 47. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya jaribio la watoto 100 huko huko Mbale, waliogawanywa kwa kura baina ya upasuaji huo na mpira. Baada ya miezi 12 haikuonekana tofauti kubwa katika ukuaji wa akili zao. Kwa hiyo mtoto aliyefaulu kutibiwa bila mpira hakupungukiwa, na wazazi wake hawana haja ya kuishi na hofu ya mpira kuziba.

Daktari Warf aliondoka Mbale mwaka 2006. Yako majengo mengi yaliyofunguliwa kwa shangwe, yakafungwa kimya kimya mara mwanzilishi alipopanda ndege. Mbale haikuwa hivyo, kwa sababu mwanzilishi alitumia miaka yake kuwafundisha wengine. Kazi iliendelea mikononi mwa madaktari wa Uganda, akiwemo Daktari John Mugamba, na madaktari wa nchi nyingine wamefika huko kujifunza. Utafiti nao haukukoma: mwaka 2020, kutokana na uchunguzi wa watoto 100 waliotibiwa Mbale, ilitangazwa bakteria iliyokuwa haijatambuliwa kuwa chanzo cha ugonjwa huo.

Hapa ndipo penye funzo. Kikosi kinachotegemea akili ya mtu mmoja hushindwa siku mtu huyo anapougua, anapohamishwa au anapostaafu. Mkuu anayeficha ujuzi ili aonekane wa lazima anajijengea sifa huku akiwaachia wenzake udhaifu. Kipimo cha uongozi wake kitaonekana asubuhi ya kwanza atakapokuwa hayupo.

Liko pia jambo la nyumbani. Askari aliye lindo mbali ana mke na watoto kambini. Mtoto mchanga mwenye homa, anayekataa kunyonya au aliyelegea apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kichwa kikikua upesi kupita kiasi, au macho yakielekea chini kama jua linalotua, wazazi wasimfiche mtoto wala wasimtafute mchawi. Kila wiki inayopotea huuzidishia ubongo madhara ambayo huenda upasuaji usiweze kuyaondoa. Mkuu wa kikosi anayempa askari wake ruhusa ya kumwahisha mtoto huyo anatimiza sehemu ya wajibu wake wa ulinzi.